Marehemu Ameridhia

Ipo nchi ambayo sitaitaja jina. Si woga. Jina lake lilipelekwa kwenye kamati ya kupitia majina, na kamati bado iko semina. Ni nchi njema. Mashimo ya barabarani yanamtosha kila mtu, na viongozi wake hulala mapema, mara nyingi kabla kikao hakijaisha.

Katika nchi hiyo mtu hawi hai kwa kupumua. Kupumua hata mbuzi hupumua. Mtu huwa hai kwa kuandikwa HAI kwenye seva ya taifa, kompyuta kubwa iliyofungiwa katika chumba chenye baridi kali kwenye Wizara ya Uhai. Seva hiyo ndiyo inayoiambia hospitali imtibu nani, inaiambia benki imlipe nani, na inawaambia polisi wamwone nani.

Maofisa hawakukaa na seva chumbani, maana wengi wao wana kifua. Waliingia kwa mbali. Ofisa hufungua kompyuta yake ofisini au sebuleni kwake, huandika jina na nenosiri, na seva hufunguka mbele yake kana kwamba ameketi mle ndani. Nenosiri la wizara nzima lilikuwa KARIBU. Lilipitishwa na kikao, kwa kuwa sisi ni watu wakarimu.

Basi asubuhi moja mtu asiyejulikana, kutoka pasipojulikana, alikaribia. Aliingia kwenye seva, akalitafuta jina la Mheshimiwa Mlezi wa Taifa, akafuta HAI na kuandika MAREHEMU. Mlezi alikuwa nje akinyoosha miguu. Aliporudi, walinzi wake mwenyewe walimzuia getini, nao walikuwa wakilia.

"Ni mimi," Mlezi akasema.

"Ndivyo wanavyosema wote," mlinzi akamjibu kwa heshima, akamwomba asogee kando apishe magari ya waombolezaji.

Redio ilikuwa imeshaanza nyimbo za huzuni, na mawaziri kadhaa walikuwa wameshaapishana. Kufikia adhuhuri kosa lilirekebishwa. Mlezi alirudishiwa uhai wake na nyumba yake, na wale mawaziri wakateuliwa kuwa mabalozi katika nchi zenye theluji.

Siku ile ile Mlezi alilihutubia taifa. "Ndugu wananchi," alisema, "kifo changu kimenifundisha mengi. Nenosiri ni ufunguo, na ufunguo huokotwa. Kuanzia sasa seva haitaridhika na nenosiri peke yake. Itamwuliza kila aingiaye: ni wewe? Asiyeweza kujibu, huyo si yeye." Akaongeza kwamba, kwa usalama zaidi, uhai wake yeye Mlezi uwe unahuishwa na msimamizi wa seva kila mwisho wa mwezi. Gazeti la serikali liliandika kwamba hakuna kiongozi duniani aliyewahi kusema maneno mazito namna hiyo baada ya kufariki.

Kazi ya kuifundisha seva swali hilo alipewa msimamizi wake, Bwana Habili Ngwale, mtu mkimya aliyefunga mkono wa miwani yake kwa uzi. Aliifanya vizuri. Tangu hapo, ofisa akishaandika nenosiri, simu yake hulia, na kiooni hutokea jina lake na swali: NI WEWE UNAYEINGIA? Chini ya swali kuna NDIYO na HAPANA. Asipobonyeza NDIYO, mlango haufunguki. Na kisheria, NDIYO hiyo ni sahihi yake.

Bwana Ngwale alifariki katika sherehe ya kupongezwa kwake, moyo ukasimama katikati ya hotuba ya Katibu Mkuu. Iligundulika baadaye sana, hotuba ilipoisha.

Akaunti yake haikufungwa. Kanuni ilisema akaunti hufungwa na msimamizi wa seva, na msimamizi wa seva alikuwa yeye. Wizara ilimwandikia barua ya kumwomba ajifunge, na ikawa inasubiri majibu.

*

Marehemu aliacha mjane, Bi Sikitu, msusi mwenye saluni ndogo mbele ya nyumba yao katika mtaa wa Bati Jipya. Katika siku zake za mwisho, mumewe alipofanyia kazi chumba cha ndani, simu yake ilikuwa ikichajiwa saluni, kwa sababu soketi ya saluni ndiyo pekee iliyoshika. Ikilia, alisema kwa sauti kutoka ndani, "Sikitu, nibonyezee ndiyo." Naye alibonyeza kwa kidole chenye mafuta ya nywele, akaendelea kusuka.

Baada ya matanga, ndugu wa mume walikuja wakagawana mashati, kabati na baiskeli. Simu waliiacha kwa sababu kioo chake kilikuwa na ufa. Bi Sikitu aliirudisha kwenye soketi yake. Hakuwa na sababu, ila hakupenda kuiona imezimika.

Asubuhi moja, akiwa amemshika mteja kichwa, simu ililia.

HABILI NGWALE, NI WEWE UNAYEINGIA?

"Nani huyo?" mteja akauliza.

Bi Sikitu alisimama, kitana mkononi. Mtaani watu walikuwa wameacha kulitaja jina la Habili. Walidhani wanamhurumia. Hata shemeji zake, wakija, waliongea habari za mvua. Simu peke yake ndiyo iliyokuwa bado inamwuliza.

"Mume wangu," akasema, akabonyeza NDIYO, kama mtu anavyoitikia hodi.

Mteja akageuza macho dirishani.

Tangu siku hiyo simu ililia mara kwa mara, asubuhi, saa za kazi. Kila ikilia Bi Sikitu alihisi mumewe amefika ofisini salama, amevua koti, ameketi. Siku isipolia, alikosa raha na kusuka mistari iliyopinda.

*

Aliyekuwa akibisha hodi ni Katibu Mkuu, Dakta Teofili Mbonamengi.

Dakta alikuwa na tatizo la kikazi. Walikuwepo raia waliouliza maswali, na sheria iliruhusu raia wa namna hiyo aandikwe HAYUPO kwenye seva. Hakukamatwa wala hakupigwa, maana nchi ile ni ya amani. Aliandikwa tu HAYUPO. Lakini kuandika kulitaka sahihi ya ofisa, na kila ofisa aliyepelekewa kazi hiyo alipata homa. Serikali hubadilika, na sahihi hubaki.

Siku moja, kwa uvivu tu, Dakta aliandika jina la marehemu Ngwale na lile nenosiri la KARIBU, ambalo hakuna aliyekumbuka kulibadilisha. Alitarajia seva imkatalie. Seva ilisita kidogo, kama inakwenda kuuliza mahali, kisha ikafunguka.

Vinyweleo vilimsimama. Alitazama mlango, akatazama dari. "Asante, Bwana Ngwale," akasema polepole. Kwa kuwa marehemu hashtakiwi, hahojiwi na magazeti wala haombi uhamisho, akaandika jina la kwanza.

Wizara ilifarijika mno, maana hata uhai wa Mlezi sasa ulihuishwa na marehemu kila mwisho wa mwezi. Kwenye vikao aliwekewa marehemu kiti na chupa ya maji. Maji yalikuwa yakipungua, jambo lililothibitisha mengi. Kila uamuzi mgumu uliandikwa kwenye kumbukumbu za kikao kwa maneno mawili: Marehemu ameridhia.

Mjini wakaanza kuongezeka watu wasiokuwepo.

Walitembea kandokando ya kuta. Kisheria, raia anayemwona asiyekuwepo anaeneza uzushi, kwa hiyo watu walijifunza kutoona. Mtu alisimama mbele ya muuza nyanya na kikapu chake, na muuza nyanya alitazama katikati ya kifua chake kama anayetazama mtaa wa pili. Kwenye foleni ya hospitali kulisikika kikohozi, na kila mmoja akainua macho kutazama taa. Mama waliwageuza watoto nyuso. Usiowaona uliwajua kwa ubaridi waliopita nao, na kwa namna watu waliokuwa wakicheka walivyonyamaza ghafla, wakatazama chini, wakangoja, kisha wakaendelea kucheka pale pale walipoachia.

*

Mwalimu Salvina Kitundu alifundisha shule ya msingi ya Bati Jipya. Katika mkutano wa wazazi aliuliza mabati ya darasa la pili yamekwenda wapi. Alikuwa akitazama nje ya dirisha alipouliza, na nje ya dirisha lilionekana banda jipya la ng'ombe wa mkuu wa wilaya.

Baadaye alifika kwa Bi Sikitu, mchana kweupe, nywele zake zimefumuka. Saluni ilikuwa na wateja. Walinyamaza wote. Mmoja akakumbuka maharage jikoni, mwingine akakumbuka msiba, na mara saluni ikabaki na watu wawili.

"Nimekuja kusuka," mwalimu akasema, akaketi. "Najua hunioni. Ila mikono haina macho."

Bi Sikitu alitazama mlangoni. Kisha akachukua kitana, akamgawa nywele. Utosi ulikuwa wa moto kama wa mtu yeyote.

"Ilianza lini?" akauliza kwa sauti ya chini, akikitazama kioo.

"Jumanne, karibu na mapumziko. Nilikuwa naandika ubaoni. Nikauliza swali, watoto wakaacha kuitikia. Nilidhani wanafanya utani. Mwalimu mkuu akaingia, akachukua chaki mkononi mwangu kama anaichukua mezani."

Mikono ya Bi Sikitu ilipunguza mwendo. Aliikumbuka Jumanne hiyo. Simu ilikuwa imelia, naye akafurahi, kwa kuwa wiki nzima ilikuwa kimya.

"Nani alikuandika hivyo, mwalimu?"

"Nilikwenda wizarani kuuliza. Hawakuniona, lakini mimi niliona. Wamebandika ukutani. Jina langu, na chini yake: Ameridhia Habili Ngwale." Mwalimu akamtazama kwenye kioo. "Mumeo. Ndiyo maana nimekuja kwako. Nilitaka kumwuliza mkewe, marehemu nilimkosea nini?"

Nje mtu alipita akipiga mluzi, alipofika mlangoni akaukatisha.

"Si yeye," Bi Sikitu akasema. "Ni mimi." Akamweleza yote, simu, swali, na kidole chake. "Nilidhani ananisalimia."

"Wako wangapi?"

"Sikuhesabu, mwalimu. Mtu hahesabu salamu."

Mwalimu Salvina hakulia wala hakugomba. "Maliza upande huu," akasema. "Siwezi kutoka nusu." Bi Sikitu alipokaribia sikio, mwalimu akasema tena, kama anayejisemesha: "Wasionifanya kitu hawanioni. Wewe uliyenifuta ndiye unayenishika kichwa. Sijui nikuweke fungu gani."

Hapo ndipo simu ilipolia.

HABILI NGWALE, NI WEWE UNAYEINGIA?

Wote wawili waliitazama. Bi Sikitu alinyoosha mkono, ukabaki hewani. Alimwona mumewe amesimama nje ya mlango na miwani yake ya uzi, hana pa kwenda. Akabonyeza HAPANA.

Ikalia tena. HAPANA. Ikalia tena, na tena, kama mtu anayepiga mlango kwa viganja viwili, na kila mara alibonyeza HAPANA huku machozi yakimdondokea mwalimu utosini. Mwalimu Salvina hakumbembeleza. Alimshikia kitana tu mpaka simu ikanyamaza.

*

Wizarani kiliitwa kikao cha dharura. Marehemu amekataa.

Naibu Katibu alisema kiti cha marehemu kimeelekezwa chooni. Kikageuzwa. Mkurugenzi wa Utumishi alisema marehemu hajapandishwa cheo tangu afariki. Akapandishwa, akapewa gari na dereva, na dereva akawa anashinda makaburini na injini inawaka. Mwisho Dakta Mbonamengi mwenyewe aliongoza ujumbe kwenda kaburini, akafungua hotuba yake.

"Bwana Ngwale," alisoma, "wizara inatambua changamoto za mazingira yako mapya ya kazi."

Majani yalitikisika kidogo, wajumbe wakapiga makofi. Waliporudi ofisini na kujaribu, jibu lilikuwa HAPANA.

Dakta akaanza kukonda. Miezi yote ile alikuwa amezoea kuwa na mwenzake. Sasa mwenzake amegeuka, naye ndiye anayejua yote waliyoyafanya pamoja. Hakukaa tena peke yake ofisini. Akinawa mikono hakutazama kioo. Na mwisho wa mwezi ulikuwa umefika. Jua likizama bila uhai wa Mlezi kuhuishwa, Mlezi angekuwa MAREHEMU tena, na walinzi wale wale walikuwa bado getini.

"Samahani, mheshimiwa," Naibu Katibu akasema, akiwa amemaliza maji ya marehemu. "Simu ya marehemu iko wapi?"

Hakuna aliyekuwa ameuliza. Lilikuwa swali dogo mno kwa wizara kubwa.

*

Dakta Mbonamengi alifika saluni mchana, kompyuta kwapani. Mwalimu Salvina alikuwa amekaa kwenye benchi. Dakta alimpita bila kumwona, akaiona simu kwenye soketi, kisha akamtazama mwanamke aliyesimama karibu nayo.

"Pole na kazi, mama," akasema. "Kumbe ulikuwa wewe."

"Karibu, Dakta," akasema Bi Sikitu, aliyemkumbuka kutoka mazishini. "Kumbe ulikuwa wewe."

Walitazamana. Nadhani kila mmoja aliona haya kidogo.

"Miezi yote," Dakta akasema, "nilikuwa naongea na msusi."

"Na mimi nilikuwa naongea na Katibu Mkuu. Nilidhani ni mume wangu."

Dakta alijifuta jasho. "Mama Ngwale, nchi inakutegemea. Nitaingia sasa hivi kumhuisha Mlezi, ubonyeze ndiyo, basi."

"Kwanza warudishe wote uliowafuta."

"Mimi sikufuta mtu, mama. Aliyefuta ni marehemu. Sahihi ni yake."

"Basi marehemu amebadili mawazo."

Dakta akashusha sauti. "Unajua naweza kukuandika HAYUPO wewe mwenyewe?"

"Kwa akaunti ya nani?"

Dakta akaihamishia kompyuta kwapa la pili.

"Unayo yako, Dakta. Ina jina lako. Niandike kwa jina lako, sahihi iwe yako, nami nitatoka hapa nitembee kandokando ya ukuta, sitabishana. Jina lako tu, chini ya langu."

Wanasema Dakta Mbonamengi amewahi kuvuka mto wenye mamba, na amewahi kumwambia Mlezi kwamba kofia haimkai. Sijui. Ninachojua ni kwamba siku hiyo aliutazama ule mlango mweupe wa jua kwa muda mrefu, kisha akakaa kwenye kiti cha kusukia, akafungua kompyuta magotini, akaandika jina la Habili Ngwale.

Simu ikalia. Bi Sikitu akabonyeza NDIYO.

"Nani na nani?" Dakta akauliza. "Siwakumbuki."

"Salvina Kitundu," ikasema sauti nyuma ya sikio lake. Dakta aliganda. Hakugeuka, kwa kuwa kisheria hapakuwa na mtu. Akaandika HAI. "Rajabu Mtepa, fundi cherehani." Akaandika. Mwalimu aliwajua wote. Kwa miezi wale wasiokuwepo walikuwa wakiongea wao kwa wao, nani mwingine wangeongea naye? Aliwataja mmoja mmoja, pumzi yake ikigonga shingo ya Dakta, na shati la Dakta likalowa mpaka likamganda mgongoni. Baada ya jina la mwisho akamhuisha Mlezi, akataka kufunga kompyuta.

"Bado mmoja," Bi Sikitu akasema. "Mume wangu. Mwandike MAREHEMU. Umfunge."

"Nikimfunga, mwezi ujao nani atahuisha uhai wa Mlezi?"

"Mtu aliye hai, mwenye jina lake."

Dakta alimtazama kama aliyetukanwa, lakini akaandika. Kufunga akaunti ni jambo kubwa, kwa hiyo seva ilitaka uthibitisho mwingine. Simu ikalia.

HABILI NGWALE, NI WEWE?

Bi Sikitu aliichomoa kwenye soketi, akaishika kwa mikono miwili. Alisoma lile jina hadi herufi zikamvurugika. Hakuna kitu kingine duniani kilichokuwa kikimwuliza Habili kama ni yeye.

"Kwaheri, baba," akasema, akabonyeza NDIYO.

Jina likaondoka. Kioo kikabaki na ufa wake tu.

*

Wizara ilitangaza kwamba marehemu, baada ya utumishi uliotukuka, ameomba kupumzika. Ilitangaza pia nafasi ya msimamizi mpya wa seva, na chini kabisa ya tangazo ikaandikwa kuwa hata waombaji walio hai watafikiriwa. Mpaka naondoka nchini hajapatikana, na kila mwisho wa mwezi, uhai wa Mlezi ukingoja sahihi, ofisi nzima hupata homa.

Kwa wale waliorudishwa ilitengwa Siku ya Kitaifa ya Salamu. Kila raia aliamriwa atoke barabarani na kumsalimu kila aliyekuwa hayupo. Watu walijipanga kando ya barabara ya Bati Jipya, wamevaa vizuri. Wale waliorudi wakapita katikati, bila haraka.

"Habari za siku nyingi, fundi Rajabu," watu wakasema. Fundi Rajabu akapita.

"Shikamoo, mwalimu," wakaimba watoto wa shule, mwalimu mkuu akiwaongoza kwa kijiti. Mwalimu Salvina akapita, macho yake yakitazama katikati ya vifua vyao, kama anayetazama mtaa wa pili. Muuza nyanya alinyoosha mkono na nyanya nzuri za bure. Mkono ukakaa pale hewani mpaka ukachoka. Wengine wakaanza kujitazama miguu. Mtu mmoja akajigusa uso. Dakta Mbonamengi, aliyekuwa jukwaani, aliagiza salamu zirudiwe kwa sauti, zikarudiwa, na barabara ikawa na ubaridi ambao kila mtu aliujua.

Mwalimu Salvina alipofika mbele ya saluni alisimama. Bi Sikitu alikuwa mlangoni, mikono ina mafuta, hakujua aseme nini.

"Umeshindaje, Bi Sikitu?" mwalimu akauliza.

"Salama, mwalimu."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akaendelea na safari yake. Na barabara nzima ikasikia kwamba sauti anayo.